Mbona Ile Nyingine Ilitua?

Ami yangu alipanda ndege ya alfajiri kutoka Mombasa kwenda Nairobi, wakazunguka juu ya mawingu karibu nusu saa, kisha rubani akatangaza kwamba wanarudi walikotoka. Saa tatu asubuhi alikuwa ameketi tena pale uwanja wa Moi, Changamwe, mkoba mapajani, mkutano wake umeshampita. Jioni nilimkuta barazani kwetu Kibokoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa shingo upande.

"Wewe ndiye rubani wa nyumba hii," akasema. "Hebu nieleze. Tukiwa tunazunguka niliiona kwa macho yangu ndege nyingine ikizama kwenye yale mawingu, na haikurudi juu. Mbona ile nyingine ilitua?"

Sikumjibu upesi. Swali hilo niliwahi kuliuliza mwenyewe, tena si barazani. Niliuliza nikiwa nimekaa kiti cha kulia cha ndege kubwa ya mizigo, mkanda umefungwa, leseni mfukoni. Ami ni abiria, ana haki ya kuuliza. Mimi sikuwa na haki ya kutojua. Kwa hiyo nilimwambia anipe muda, muuza kahawa akaitwa na dele lake, nikaanza mwanzo.

Watu wengi hudhani kwamba rubani huchungulia dirishani, akiona panaonekana anatua, akiona hapaonekani anaghairi. Mwenye macho haambiwi tazama, husema wazee, na katika mambo mengi ni kweli. Kwenye ukungu mwenye macho ndiye wa kwanza kuambiwa, kwa sababu macho yake yako mbali na mahali panapohusika, yako juu, yanakwenda mita sabini kwa sekunde, na yana hamu ya kufika. Anachoambiwa ni namba, na sisi marubani namba hiyo tunaiita RVR.

RVR ni umbali ambao rubani aliye katikati ya njia ya kurukia ndege anaweza kuona alama zilizochorwa kwenye lami au taa za njia hiyo. Huchukuliwa kwamba jicho lake liko kiasi cha mita 5 juu ya lami. Zamani mtu alikuwa akisimama kando ya njia na kuhesabu taa za pembeni, ngapi anaziona kabla hazijamezwa na ukungu. Taa hizo hupangwa kwa nafasi isiyozidi mita 60, basi ukizihesabu unapata umbali. Mimi napenda sana kuufikiria ule wakati. Mtu mzima na koti lake, kasimama kwenye umande, anahesabu taa ili mtu mwingine asiyemjua ashuke salama.

Siku hizi kazi hiyo hufanywa na transmisomita. Upande mmoja kuna taa, upande wa pili kipokezi, na katikati hewa. Kinachopimwa ni mwanga uliopotea njiani. Aina nyingine hupima jinsi mwanga unavyotawanywa na matone ya ukungu. Kisha huingizwa mambo mawili ambayo mtu wa kawaida hawezi kuyakumbuka: mazingira yana mwanga kiasi gani, na taa za njia zimewashwa kwa nguvu kiasi gani. Ndiyo maana usiku wa ukungu mtu wa hali ya hewa anaweza kutangaza umbali wa kuona wa mita 300, nawe ukapewa RVR ya 600, na wote wawili wakawa wasema kweli. Yeye anazungumzia hewa. Wewe unazungumziwa taa kali zilizopangwa mstari mbele yako.

Namba hizi huanza kutolewa hali inaposhuka chini ya mita 1,500. Hazitajwi kwa udogo usio na maana: chini ya 400 zinakwenda kwa hatua za mita 25, kuanzia 400 hadi 800 kwa hatua za 50, na kutoka hapo kwa hatua za 100. Hutasikia mnara wa kuongozea ndege ukisema mita 437. Ukungu hauna usahihi huo.

Ami alinikatiza. "Basi namba ni moja kwa wote. Kama ni 400, ni 400 yangu na ya yule aliyetua."

Nikamwambia, Ami, namba ni moja, ruhusa si moja.

Ndege inayotua kwa kuongozwa na mitambo ya ILS, ile inayoionyesha ndege kwa mawimbi ya redio njia ya kushukia, ina daraja lake. Daraja la kwanza hukuruhusu kushuka hadi futi 200 juu ya uwanja bila kuona kitu, na huhitaji RVR isiyopungua mita 550. La pili hukupeleka hadi futi 100, kwa RVR isiyopungua 300. La tatu huteremka chini zaidi ya hapo, ndege ikijitua yenyewe kwa otopailoti huku marubani wakisimamia. Na daraja si la uwanja peke yake. Uwanja uwe na taa na mitambo inayofaa, ndege iwe na vifaa vyake vyote vizima, na marubani wawe wamefunzwa na kupimwa kwa daraja hilo. Kimoja kikipungua, wote mnashuka daraja. Ndege mbili zinaweza kuzunguka juu ya ukungu uleule, zikasikia namba ileile, moja ikashuka na nyingine ikarudi, na marubani wote wakawa wamefanya sawa.

Hayo nilikuwa nayajua kichwani tangu chuoni. Moyoni yaliniingia Amsterdam, mwezi wa Novemba, nikiwa rubani msaidizi.

Tulikuwa tumebeba maua kutoka Nairobi, tumeruka usiku kucha. Nahodha wangu alikuwa mzee wa Lamu, mpole, mtu wa maneno machache, na tukiwa wawili tulisema Kiswahili cha nyumbani isipokuwa kwenye redio na kwenye yale matamko ya kazi. Tulipopita Milima ya Alps taa ya onyo ikawaka: otopailoti moja imekataa. Ndege ilikuwa salama kabisa kuruka. Lakini kwa hitilafu hiyo, ndege yetu ya daraja la tatu ikawa ya daraja la kwanza. Nahodha akafungua kitabu, akanionyesha mstari kwa kidole, akasema, "Kuanzia sasa sisi ni watu wa 550."

Nikaleta METAR ya Amsterdam, yaani taarifa ya hali ya hewa ya uwanja, kwenye skrini. RVR mita 700, na herufi N mwishoni, maana yake hakuna mabadiliko. Ingekuwa U, namba inapanda. Ingekuwa D, inashuka. Nikamwambia kwa furaha, "Kapteni, 700, tuko sawa."

"Muulize mnara," akasema.

Nikauliza. Mnara ukajibu 450.

Nilidhani mtu kakosea. Hakuna aliyekosea. Ile ya kwenye METAR ni wastani wa dakika kumi, tena dakika kumi za wakati taarifa ilipoandikwa. Ile ya mnara ni wastani wa dakika moja, ya sasa hivi. Ukungu hauketi mahali pamoja. Huja kama mawimbi, hufunga na kufungua. Wastani wa dakika kumi hukusaidia kupanga mafuta na kuchagua uwanja wa akiba. Kushuka unashuka kwa ile ya dakika moja. Tofauti hiyo ilikuwa kwenye vitabu vyangu na nilikuwa nimeijibu kwenye mtihani, lakini nilipochoka na kutaka kufika, nikashika namba iliyonipendeza.

Tukawekwa kuzunguka. Chini yetu ukungu ulikuwa umelala kama maji ya bwawa, mweupe, tambarare, na juu yake nyota. Uwanja wa Amsterdam, Schiphol, uko chini ya usawa wa bahari, kiasi cha futi 11, mahali palipokuwa ziwa lililokaushwa na watu. Mimi mtoto wa Mombasa, niliyezoea kwamba nchi iko juu na maji yako chini, nilijikuta nikifikiri kwamba ukungu ule umerudi kudai mahali pa ziwa lake.

Na katika redio, ndege moja baada ya nyingine ilikuwa ikiruhusiwa kutua. Nne, tano, sita. Ndipo nikasema maneno ya Ami: "Kapteni, wote wanatua."

Hakugeuza kichwa. "Wao wana otopailoti zao. Sisi tuna yetu mbovu."

Baada ya dakika ishirini na kitu namba ikapanda: 550, kisha 600. Tukaomba zamu, tukaanza kushuka. Hapa kuna sheria moja ambayo ningependa kila abiria aijue, kwa sababu ndiyo inayoamua safari nyingi. Ukifika futi 1,000 juu ya uwanja, RVR ya mahali pa kugusa lazima iwe imefikia kiwango chako. Isipofikia, huendelei. Ukishavuka futi 1,000 na namba ikaporomoka nyuma yako, unaruhusiwa kuendelea hadi kimo chako cha uamuzi, zile futi 200 kwa daraja la kwanza, na hapo macho ndiyo hukata shauri: unaona taa, unatua, huoni, unapaa tena, papo hapo, bila mjadala.

Tulikuwa futi 1,300 mnara uliposema 500. Na wakati uleule nikainua macho, nikaiona njia yote. Yote, Ami. Taa za kukaribia, taa za pembeni, mpaka kule mwisho, zimelala chini kama shanga. Nikatamka, "Naiona njia."

Futi 1,000, mnara ukarudia: 500. Nahodha akasema neno la kughairi, akasukuma injini, tukapanda. Nilihisi uchungu wa kweli kifuani. Njia nimeiona kwa macho yangu na tunaiacha.

Tulipokwisha kutulia juu akanieleza, bila kunikemea. Ukungu ule ulikuwa mwembamba kwenda juu, pengine unene wa mnazi mrefu au miwili. Ukiutazama kutoka juu, jicho lako linapita kwenye unene mdogo tu, basi unaona mpaka chini, kama unavyoona mchanga wa bahari ukiwa juu ya ngalawa pale kwenye maji mafupi. Lakini ndege haitui kutoka juu. Inaingia ndani ya ukungu kwa mteremko wa nyuzi tatu, na ikishaingia, jicho linatazama kwa urefu na si kwa unene. Taa zote ulizozihesabu zinapotea kwa mpigo, ukiwa karibu kabisa na ardhi, mkono ukiwa tayari umeshaanza kutua kwa macho. Na palepale unapoingia mwili hudanganyika kwamba pua ya ndege imeinuka, mkono ukataka kuisukuma chini. "RVR imepimwa kule utakakokuwa," akasema. "Macho yako yameona huku ulipo."

Sijapata kusikia maelezo bora ya namba ile.

Wengine hupewa somo hili kwa bei kubwa mno. Tarehe 10 Aprili 2010 ndege ya serikali ya Poland, Tu-154, ilianguka ikijaribu kutua Smolensk, Urusi, ndani ya ukungu. Watu 96 waliokuwamo walikufa wote, na rais wa nchi yao akiwa miongoni mwao. Waongozaji walikuwa wamewaambia kwamba umbali wa kuona ni mita 400, na kiwango cha uwanja ule kilikuwa mita 1,000. Lakini kabla yao ndege ndogo zaidi ya Poland, Yak-40, ilikuwa imetua salama pale pale, na marubani wake wakawaambia wenzao kwa redio kwamba wanaweza kujaribu. Ndege nyingine, Il-76 ya Warusi, ilijaribu, ikashindwa, ikaenda zake. Kila ninaposoma habari ile siachi kufikiri kwamba ndani ya chumba kile cha marubani walikuwa na mifano miwili mbele yao, aliyetua na aliyeondoka. Sipendi kuwahukumu marehemu. Najua tu uzito wa lile neno, yule mwingine ametua, kwa sababu nimelisema.

Turudi Amsterdam. Mara ya pili tulipewa namba tatu kwa mfuatano: "600, 350, 250." Uwanja unaopokea ndege kwenye ukungu mzito huweka vipimo mahali patatu, na namba hutajwa kwa mpangilio wa safari yako: penye kugusa, katikati, mwisho. Ya kwanza ndiyo inayokuruhusu kushuka. Mimi nikaijibu redio vizuri, nikamgeukia nahodha na kusema, "600."

"Na za mbele?"

Nikamtajia. Akatikisa kichwa, akaweka breki za moja kwa moja kwenye nguvu zaidi, akaniambia tukigusa nimhesabie mwendo kwa sauti na nisiache mpaka tuwe mwendo wa mtu kutembea. Kwa namba mbili nilizokuwa nimezimeza, yeye alikuwa ameshaona safari yote: tutagusa mahali peupe, kisha tutaingia gizani tukiwa bado na kasi.

Futi 1,000, mnara ukasema 600. Tukaendelea. Futi 500, kijivu kitupu. Futi 300, bado kijivu. Nataka nieleze kinachoonekana kwenye futi 200 kwa sababu hata marubani wanafunzi hukosea hapa. Wanangoja kuona njia ya kurukia, na njia haionekani. Ukiwa futi 200 kwenye mteremko wa kawaida, kizingiti cha njia bado kiko karibu mita 870 mbele yako. Kwa RVR ya 550 au 600 huwezi kukiona. Unachoona ni kipande cha taa za kukaribia, zile zinazotangulia njia kwa mita 900, na hata hizo si zote, kwa sababu pua ya ndege inaziba zilizo chini yako. Labda unabaki na mita 300 za taa. Safu chache nyeupe zinazokuja, tena zinakuja kwa kasi. Kwa mwendo wa noti 140, yaani karibu kilomita 260 kwa saa, unapita mita 72 kila sekunde. Ukichukua sekunde tatu kufikiri, umeshapita zaidi ya mita 200.

Nahodha akatamka kwamba anatua. Nikaona safu ya kwanza, ya pili, ile safu pana ya kukata, taa za kijani za kizingiti, kisha magurudumu yakagusa. Nikahesabu mwendo. Noti 120, 100, 80. Na hapo ukungu ukatufunga kama mtu aliyeteremsha pazia. Taa za katikati ya njia zimepangwa kila baada ya mita 15 na nilikuwa naona kumi na chache tu. Zikageuka kuwa nyekundu na nyeupe kwa zamu, dalili kwamba zimebaki mita 900 njia iishe. Noti 60, 40. Tulikuwa mwendo wa baiskeli kabla ya mwisho, na pale nikaelewa kwa nini alitaka namba ya tatu.

Kutoka kwenye njia kulituchukua dakika nyingi kuliko kushuka. Mnara haukuwa ukituona. Tulikwenda kwa taa za kijani za katikati, moja baada ya nyingine, kimya. Hapo nilikumbuka ajali ya Tenerife, kisiwa cha Uhispania, 27 Machi 1977, watu 583 walikufa, ndege mbili kubwa za 747 juu ya njia moja ndani ya wingu, moja ikianza kuruka na nyingine ingali ikitafuta mahali pa kutokea. Hakuna aliyemwona mwenzake mpaka walipokuwa wameshachelewa. Nilipoitamka kwenye redio ile kauli kwamba tumeondoka njiani, niliitamka polepole na kwa maneno kamili, baada ya kuhakikisha mkia nao umevuka.

Ami alikuwa ameacha kahawa ikapoa. Akauliza, "Kwa hiyo yule wangu wa asubuhi hakuogopa?"

Nikamwambia sijui alichohisi, sikuwa naye. Inawezekana ndege yake ilikuwa na kifaa kimoja kibovu kama yetu. Inawezekana mwenzake alifika futi 1,000 dakika ambayo wingu lilifunguka, yeye akafika dakika ambayo limefunga. Inawezekana alikuwa na mafuta ya kurudi Mombasa sasa, lakini si ya kujaribu mara mbili na bado kurudi. Hilo la mafuta halionekani na abiria kabisa, na mara nyingi ndilo lenye neno la mwisho.

Ami si mtu wa kushindwa kirahisi. Akasema, na sisi Mombasa je, hatuna ukungu, hiyo RVR yenu yatuhusu nini?

Ni kweli, ukungu wa kufunga uwanja hapa si jambo la kila mwaka kama huko Ulaya. Sisi tuna masika. Mvua ya mwezi wa Mei ikija kutoka baharini huja kama ukuta, na ndani ya ukuta ule huoni mbali. Tofauti yake na ukungu ni kwamba ina ukingo. Upande mmoja wa njia unaweza kuwa mkavu na wa pili hauonekani.

Jioni moja ya masika nilikuwa nahodha, na msaidizi wangu kijana aliyekuwa na miezi michache tu kazini. Tulikuwa tunakuja kutua njia ya 03, ile ndefu ya mita 3,350, ambayo unaifikia ukipita juu ya mikoko ya Port Reitz. Mnara ulitupa umbali wa kuona wa mita 1,200 katika mvua kubwa. Kwa karatasi, iliwezekana. Ile namba ilikuwa ya hali ya hewa, si RVR, na ni lazima uijue ipi umepewa. Kanuni nilizofanyia kazi ziliruhusu wakati mwingine kuzidisha umbali wa kuona kwa moja na nusu mchana au mara mbili usiku kama taa za uwanja ni kali, ili kupata kitu cha kulinganisha na kiwango chako. Sijawahi kuupenda ule uzidishaji mvua inaponyesha. Hesabu yake haijui kwamba kioo chako kimejaa maji. Maji kwenye kioo hupinda mwanga, ukajiona uko juu kuliko ulipo, ukashuka zaidi bila kujua.

Utotoni tulikaa Magongo, karibu kabisa na ule uwanja, ndege zikitupita juu ya paa. Lakini babu yangu alikuwa mtu wa majahazi, na nilichokumbuka jioni ile ni yeye. Alikuwa akitusimulia jinsi walivyokuwa wakirudi na mvua ikawakuta nje ya mwamba, mji uko hapo hapo, wanasikia harufu ya moshi wa jikoni, na bado hawaingii. Wanashusha tanga, wanangoja. Mlango wa bandari ni mwembamba na mwamba hauna huruma. Mabaharia wenye njaa walinung'unika, na yeye aliwaacha wanung'unike.

Nikamwambia kijana aombe tuzunguke baharini. Tukatoka juu ya maji, meli zilizotia nanga zikingoja zamu ya Kilindini zikionekana chini kama punje. Abiria niliwaeleza mwenyewe kwa Kiswahili: mvua iko juu ya uwanja, tuna mafuta ya kutosha, tunaipa nafasi ipite. Napenda kuwaeleza. Mtu akijua anangoja nini, kungoja kunampungukia.

Baada ya dakika kumi na tano mnara ukasema mita 2,500. Nilikuwa nafungua mdomo kuomba kushuka, lakini kijana alikuwa ameshabonyeza kitufe. Akauliza mnara, upande wa mwisho wa njia, kule 21, uko vipi?

Pakawa kimya kidogo. Nadhani mtu aliinuka kwenda kutazama dirishani. Kisha sauti ikarudi: upande wa 21 bado mweupe kwa mvua, taa za mwisho hazionekani.

Kijana akanitazama. Nikamwonyesha kwa kidole upande wa bahari, akageuza ndege, tukapiga duara lingine. Tulipotua lami ilikuwa inameta mpaka mwisho, taa zote nimezihesabu, na nilipofungua mlango harufu ya udongo wa Magongo uliolowa ilikuwa imejaa ngazini.